SOMO LA TEKNOLOJIA: Laptopu Haijafa, Imekosa Draiva Tu

Jinsi ya kurejesha Wi-Fi, sauti na vifaa vingine baada ya Windows kuwekwa upya

Wiki ya mwisho ya Juni huwa wiki ya mavuno kwa wenye vibanda vya saiba. Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya mtu binafsi kuwasilisha ritani ya ushuru wa mapato ya mwaka uliotangulia, na wengi husubiri hadi siku hizo ndipo wapange foleni.

Chukulia mfano wa mama mwenye kibanda kama hicho sokoni. Ana laptopu moja tu, aliyoinunua ikiwa imetumika, ya zile zinazoitwa "ex-UK". Katikati ya Juni laptopu inakuwa nzito, anampelekea fundi, na fundi anafuta kila kitu na kuweka Windows 11 upya. Jioni inarudi ikiwa nyepesi. Kesho yake asubuhi anaiwasha kibandani: alama ya Wi-Fi haionekani, spika ziko kimya, maandishi kwenye skrini yamekuwa makubwa kupita kiasi, na printa haijibu. Anapompigia fundi simu anaambiwa, "Mama, hiyo kadi ya Wi-Fi itakuwa imeungua. Itabidi tununue ingine."

Huenda ikawa kweli, lakini mara nyingi sivyo. Kadi ya Wi-Fi, spika na skrini haziharibiki kwa pamoja kwa sababu tu Windows imefutwa. Vifaa vingi vinapoacha kufanya kazi siku moja, na siku hiyo ni ile Windows ilipowekwa upya, jambo la kwanza la kushuku ni draiva. Draiva zinapatikana bila malipo, na mtu yeyote anayeweza kutumia kompyuta kwa kazi za kawaida anaweza kuzirejesha. Somo hili linaeleza jinsi ya kufanya hivyo, hatua kwa hatua, kabla ya mkazi kutoa pesa za kununua kifaa kipya.

Draiva ni nini?

Ndani ya laptopu mna vifaa vilivyotengenezwa na kampuni mbalimbali. Kadi ya Wi-Fi inaweza kuwa ya Intel, kifaa cha sauti kikawa cha Realtek, na kamera ikawa ya kampuni nyingine kabisa. Kila kifaa kina namna yake ya kupokea amri. Kati ya Windows na kila kifaa kuna programu ndogo inayopeleka amri na kurudisha majibu. Programu hiyo ndiyo draiva.

Neno lenyewe lina asili moja na "dereva". Matatu inaweza kuwa na injini nzima, tairi mpya na mafuta ya kutosha, lakini bila dereva itabaki steji. Ndivyo ilivyo kadi ya Wi-Fi isiyo na draiva. Ni nzima, ila hakuna wa kuiendesha.

Laptopu inapotoka kiwandani huwa imewekewa draiva zake zote. Diski inapofutwa, draiva hufutwa pamoja na vitu vingine. Windows mpya huja na draiva nyingi za kawaida, na ndiyo sababu kibodi na skrini hufanya kazi mara moja. Hata hivyo, haina draiva za kila kifaa duniani. Nyingine huzitafuta yenyewe kupitia intaneti. Hapo ndipo penye fundo: ikiwa draiva inayokosekana ni ya mtandao, Windows haiwezi kwenda kutafuta zile nyingine.

Tatizo hili huenda limewakuta watu wengi zaidi tangu Microsoft ilipokomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Wenye laptopu wengi waliamua kuhamia Windows 11, na baadhi yao walifuta diski na kuanza upya.

Hatua ya 1: Kujua kinachokosekana

Kabla ya kupakua chochote, mwenye laptopu anapaswa kujua ni vifaa vipi havina draiva. Windows ina ukurasa unaoonyesha vifaa vyote, unaoitwa "Device Manager". Kuufungua, abofye kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, kisha achague "Device Manager" kwenye orodha inayotokea.

Kifaa chenye tatizo huwa na alama ndogo ya manjano yenye mshangao. Visivyo na draiva mara nyingi hukusanywa chini ya kichwa "Other devices". Majina yake huwa hayaeleweki kwa haraka, lakini kila jina lina maana yake:

- "Network Controller" kwa kawaida ni kadi ya Wi-Fi.
- "Ethernet Controller" ni mtandao wa waya.
- "Multimedia Audio Controller" ni kifaa cha sauti.
- "SM Bus Controller" huonyesha kwamba draiva za chipseti, yaani za bodi kuu, hazijawekwa.
- "PCI Simple Communications Controller" kwenye laptopu za Intel kwa kawaida ni sehemu iitwayo Management Engine.
- "Base System Device" mara nyingi ni kisoma kadi za kumbukumbu.
- "Unknown device" ni kifaa ambacho Windows imeshindwa hata kukipa jina.

Kuna kasoro moja ambayo haina alama ya manjano. Chini ya "Display adapters", pakiandikwa "Microsoft Basic Display Adapter", maana yake skrini inaendeshwa na draiva ya muda tu. Hiyo ndiyo sababu ya maandishi kuwa makubwa, video kukwamakwama, na vitufe vya kupunguza mwangaza kutofanya kazi.

Akibofya mara mbili juu ya kifaa chenye alama, ataona nambari ya kosa. Nambari hiyo inafaa kuandikwa kwenye karatasi, kwa sababu inaeleza aina ya shida:

- Code 28: draiva haijawekwa.
- Code 22: kifaa kimezimwa. Dawa ni kubofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua "Enable device".
- Code 10: kifaa kimeshindwa kuanza, pengine kwa sababu draiva iliyopo si yake.
- Code 43: Windows imekisimamisha kifaa kwa kuwa chenyewe kimeripoti hitilafu. Hapa huenda kifaa ni kibovu kweli.

Mama wa saiba akifungua ukurasa huo, anakuta "Network Controller" ikiwa na Code 28. Kwa hivyo laptopu inaiona kadi ya Wi-Fi, ila haina draiva ya kuiendesha. Kadi iliyokufa kabisa kwa kawaida haionekani hata jina. Hadi hapo hajatumia hata shilingi, na tayari ana sababu nzuri ya kutokununua kadi mpya.

Hatua ya 2: Kupata intaneti bila Wi-Fi

Njia rahisi ni kutumia simu ya Android na waya wake wa USB. Simu iunganishwe na laptopu, kisha kwenye mipangilio ya simu, mahali pa kugawa intaneti, iwashwe "USB tethering". Windows huiona simu kama mtandao wa waya, na kwa kawaida haihitaji draiva nyingine. Waya uwe wa kupitisha data, kwa kuwa kuna nyaya zinazochaji tu. Simu za iPhone zinaweza kusumbua katika hatua hii, kwa sababu huhitaji draiva yake yenyewe ambayo laptopu iliyofutwa huenda haina.

Hapa kuna mambo mawili ya kuokoa pesa. La kwanza, simu nyingi za Android zikiwa zimeunganishwa na Wi-Fi huweza kuipitisha Wi-Fi hiyo hadi kwenye laptopu kwa waya. Mkazi aliye kwenye maktaba au kituo chenye Wi-Fi ya umma hana haja ya kutumia data yake. La pili, kama ni lazima atumie data ya simu, mara tu laptopu inapoona intaneti aingie Settings, afungue "Network & internet", kisha "Ethernet", na awashe "Metered connection". Asipofanya hivyo, Windows inaweza kuanza kupakua masasisho makubwa na kumaliza data kabla hata draiva ya kwanza haijapatikana.

Njia nyingine ni kutumia kompyuta ya jirani. Draiva hupakuliwa huko, huwekwa kwenye flashi, na kuhamishiwa kwenye laptopu yenye shida. Draiva ya Wi-Fi kwa kawaida si kubwa, ni makumi ya megabaiti. Draiva ya skrini ndiyo nzito, mamia ya megabaiti na wakati mwingine zaidi ya gigabaiti 1. Kwa hivyo ni busara kuanza na ya Wi-Fi, kisha nyingine zifuate mtandao ukishapatikana.

Kuna wanaokwama hata kabla ya kufika hapa. Windows 11 inapowekwa upya hufika mahali inapodai mtandao ili iendelee, na bila draiva ya Wi-Fi orodha ya mitandao hubaki tupu. Simu yenye "USB tethering" ikiunganishwa wakati huo, kwa kawaida safari huendelea.

Hatua ya 3: Kuiacha Windows itafute yenyewe

Mtandao wa kutegemewa ukishapatikana, hatua inayofuata ni Windows Update. Aingie Settings, abofye "Windows Update", kisha "Check for updates", na asubiri. Ikiwa alikuwa amewasha "Metered connection", aizime kwanza, kwa sababu Windows kwa kawaida haipakui draiva kwenye mtandao uliowekewa alama hiyo.

Wengi huishia hapo bila kujua kwamba kuna draiva nyingine zilizowekwa kando. Ndani ya Windows Update, abofye "Advanced options", kisha "Optional updates". Pakiwa na sehemu ya "Driver updates", azichague zile za vifaa vilivyokuwa na alama ya manjano na azisakinishe. Baadaye laptopu izimwe na kuwashwa upya, kisha arudi kwenye "Device Manager" kuona ni alama ngapi zimebaki. Kwa laptopu nyingi kazi huishia hapa.

Hatua ya 4: Kwenda kwa aliyeitengeneza laptopu

Draiva ambazo Windows Update haikuzipata hutafutwa kwenye tovuti rasmi ya kampuni iliyotengeneza laptopu, katika sehemu ya usaidizi. Jambo la muhimu ni kutumia nambari ya utambulisho ya laptopu yenyewe badala ya jina lake tu. Laptopu mbili za jina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti za Wi-Fi.

Nambari hiyo huandikwa chini ya laptopu. Dell huiita "Service Tag", nayo ina herufi na tarakimu 7. HP na Lenovo hutumia "Serial Number", inayofupishwa S/N. Kwenye laptopu zilizotumika, kibandiko mara nyingi huwa kimefutika. Katika hali hiyo, afungue programu ya PowerShell na aandike:

Get-CimInstance Win32_BIOS

Nambari itatokea mbele ya neno "SerialNumber". Ikiwa pako tupu, pengine kwa sababu bodi kuu iliwahi kubadilishwa, aandike msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia, afungue programu itakayotokea, na asome jina la modeli mbele ya "System Model".

Tovuti itakapoonyesha orodha ya draiva, mpangilio huu hupunguza usumbufu: kwanza chipseti, kisha mtandao kama bado haupo, kisha skrini, kisha sauti, na mwisho Bluetooth, kamera, padi ya kugusa na kisoma kadi. Chipseti hutangulia kwa sababu vifaa vingine hupitia kwenye bodi kuu, na baada ya kuiwekea draiva zake, vifaa vilivyokuwa "Unknown device" huweza kupata majina. Pale programu inapoomba laptopu izimwe na kuwashwa upya, ifanyiwe hivyo kabla ya kuendelea na nyingine.

Laptopu ya miaka kadhaa huenda ikawa na draiva za Windows 10 tu kwenye orodha. Hilo lisimvunje mtu moyo. Draiva za Windows 10 za biti 64 kwa kawaida hufanya kazi pia kwenye Windows 11. Zile za biti 32 hazitafanya kazi, kwa kuwa Windows 11 ni ya biti 64 pekee.

Printa nayo ina draiva yake, na hiyo hutafutwa kwenye tovuti ya aliyetengeneza printa, wala si ya laptopu.

Hatua ya 5: Kifaa kinachokataa kutajwa jina

Wakati mwingine alama moja hubaki na hakuna anayejua ni ya kifaa gani. Kila kifaa hubeba kitambulisho chake ndani, na Windows inaweza kukisoma hata bila draiva. Kwenye "Device Manager", abofye mara mbili juu ya kifaa hicho, aende kwenye kichupo cha "Details", na kwenye orodha ya "Property" achague "Hardware Ids". Yatatokea maandishi yanayoanza kwa mfano na PCI\VEN_8086&DEV_ na kufuatwa na herufi na tarakimu nyingine 4.

Herufi na tarakimu 4 baada ya VEN humtaja mtengenezaji. Zinazokutwa sana ni hizi:

- 8086: Intel
- 10EC: Realtek
- 1002 na 1022: AMD
- 10DE: NVIDIA
- 14E4: Broadcom
- 168C: Qualcomm Atheros
- 14C3: MediaTek

Zile 4 baada ya DEV hutaja kifaa chenyewe. Akinakili sehemu hiyo ya VEN na DEV na kuitafuta kwenye intaneti, kwa kawaida atapata jina kamili la kifaa. Akishalijua jina, arudi kwenye tovuti rasmi ya mtengenezaji wa laptopu au wa kifaa chenyewe kuchukua draiva. Utafutaji huo ni wa kupata jina tu. Draiva isichukuliwe kwenye tovuti yoyote itakayojitokeza.

Ikiwa draiva imekuja kama folda yenye faili za .inf, bila programu ya kuisakinisha, arudi kwenye "Device Manager", abofye kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kifaa, achague "Update driver", kisha "Browse my computer for drivers", na aielekeze Windows kwenye folda hiyo.

Mitego ya kuepuka

Anayetafuta draiva kwenye intaneti hukutana na matangazo mengi ya programu zinazoahidi kurekebisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Nyingi hupima laptopu bure, huonyesha orodha ndefu ya kutisha, kisha hudai malipo. Nyingine huingiza programu hasidi zinazoweza kuiba maneno ya siri. Kwa mtu anayeshughulikia ritani na vyeti vya wateja, hatari hiyo si yake peke yake. Taarifa za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, naye ana wajibu wa kuzitunza.

Kanuni ni fupi. Draiva halali kutoka kwa mtengenezaji hailipiwi. Ukurasa wowote unaodai pesa za M-Pesa, nambari ya kadi ya benki au PIN ili kutoa draiva ufungwe mara moja. Vilevile, programu ikimwagiza mtu azime kinga ya virusi kwanza ndipo aisakinishe, aachane nayo.

Mtego mwingine ni kubadilisha draiva isiyo na tatizo. Kifaa kinachofanya kazi vizuri kiachwe kilivyo. Na draiva mpya ikileta shida ambayo haikuwepo, arudi kwenye "Device Manager", abofye mara mbili juu ya kifaa, aende kwenye kichupo cha "Driver" na achague "Roll Back Driver" ili irudi iliyokuwepo awali.

Ni wakati gani kifaa ni kibovu kweli?

Kwanza ihakikishwe kwamba Wi-Fi haijazimwa. Laptopu nyingi zina kitufe cha kuzima mtandao kwenye safu ya juu ya kibodi, na nyingine za zamani zina swichi ubavuni.

Pili, kama kifaa hakionekani kabisa kwenye "Device Manager", hata kwa jina lisiloeleweka, basi huenda kimelegea, kimezimwa kwenye mipangilio ya BIOS, au kimekufa. Hapo fundi ana kazi halali ya kufungua na kuangalia.

Tatu, kuna jaribio linaloweza kumaliza ubishi. Mfumo wa Ubuntu, ambao ni wa bure, unaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya laptopu, mradi achague kuujaribu na si kuusakinisha. Wi-Fi au sauti ikifanya kazi huko, kifaa ni kizima na tatizo ni draiva ya Windows. Isipofanya kazi, jibu halijapatikana bado, kwa kuwa Ubuntu nayo haina draiva za kila kadi.

Kabla ya kulipa fundi

Fundi anayerudisha laptopu bila draiva si lazima awe mlaghai. Mara nyingi ana foleni ya kazi, anaona skrini imewaka, na anaichukulia kazi kuwa imekwisha. Kwa hivyo ni vyema mteja aketi naye dakika 10 kabla ya kulipa na wakague pamoja:

1. Wi-Fi inaonyesha mitandao na inaunganika.
2. Sauti inatoka kwenye spika na kwenye visikizi.
3. Kamera na kipaza sauti vinafanya kazi.
4. Vitufe vya mwangaza vinaongeza na kupunguza mwanga wa skrini.
5. Padi ya kugusa, Bluetooth na kila tundu la USB vinaitikia.
6. Ukurasa wa "Device Manager" hauna alama yoyote ya manjano.

Fundi akisema kifaa kimeungua, mteja ana haki ya kuuliza kwa upole: "Fundi, kwenye Device Manager inaonyesha Code gani?" Swali hilo moja huonyesha kama uchunguzi umefanywa.

Kuhifadhi draiva kabla ya kufuta

Njia nyepesi kuliko zote ni ya kuzuia. Ikiwa Windows ya zamani bado inawaka na vifaa vyote vinafanya kazi, draiva zake zinaweza kuhifadhiwa kwenye flashi kabla ya kufuta, pamoja na nyaraka na picha za mwenyewe. Flashi ya GB 16 hutosha laptopu nyingi.

Achomeke flashi, atengeneze ndani yake folda iitwayo Draiva, kisha abofye kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start na achague Terminal au PowerShell yenye neno "Admin". Kama flashi inaonekana kwa herufi D, aandike:

pnputil /export-driver * D:\Draiva

Kama flashi ina herufi nyingine, kwa mfano E, aiweke hiyo mahali pa D. Windows itanakili draiva zote zilizoongezwa kwenye laptopu hiyo. Baada ya Windows mpya kuwekwa, afungue tena dirisha lile lile na aandike:

pnputil /add-driver D:\Draiva\*.inf /subdirs /install

Windows itazisoma moja baada ya nyingine na kuzirudisha mahali pake, bila hata kuhitaji intaneti. Flashi hiyo ihifadhiwe, iandikwe jina la laptopu, na isitumiwe kwa laptopu ya aina nyingine.

Muhtasari

Laptopu ikipoteza Wi-Fi, sauti au ubora wa skrini mara baada ya kuwekwa Windows upya, mwenye laptopu asikimbilie kununua. Afungue "Device Manager" na asome nambari ya kosa. Aunganishe simu kwa waya apate intaneti. Aanze na Windows Update pamoja na "Optional updates", kisha aende kwenye tovuti ya mtengenezaji akiwa na nambari ya laptopu. Kitakachobaki akitafute kwa "Hardware Ids".

Mama wa saiba, kwa kufuata njia hiyo, anaweza kurudisha Wi-Fi kwa simu na waya wa kuchajia, kisha draiva nyingine zikafuata kupitia mtandao wa kibandani, na ya printa ikawa ya mwisho. Kazi hiyo inaweza kuchukua asubuhi moja. Foleni ya Juni itamkuta akiwa tayari, na pesa zilizokuwa ziende kwenye kadi mpya zitanunua karatasi na wino.

Wakazi wanahimizwa kulihifadhi somo hili na kumsomea jirani mwenye laptopu iliyowekwa kabatini kwa madai kwamba imekufa. Pengine inangoja draiva tu.